Nimekuja lokamu, wodi nzima inaniona adui: niongeze kontrakti ama niondoke?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni nesi, nimepita thelathini kidogo, kwetu ni Taita lakini nimekaa Mombasa tangu nimalize chuo. Kazi ya kudumu sina, nafanya lokamu. Kuna ajenti hapa mjini, hospitali ikipungukiwa na manesi inampigia yeye, yeye anatupigia sisi, unabeba begi unaenda. Nishafanya Ukunda, nikaenda Malindi, sahii niko hospitali moja ya kibinafsi hapa kisiwani, wodi ya wanawake, kontrakti ya miezi mitatu. Nyumba nimepanga Likoni, kwa hivyo nikitoka shifti ya usiku nashuka feri wakati watu wote wanaelekea kisiwani mimi ndio naenda kulala. Mtoto wangu yuko Voi kwa mamangu na ndiye namtafutia.

Kazi naipenda shangazi, shida yangu ni stafu.

Tangu siku ya kwanza hakuna aliyenionyesha kitu, hata choo cha stafu nilionyeshwa na mama wa usafi. Jina langu hawaliiti, mimi ni "huyo wa ajenti". Rosta ikitoka vitanda vizito ni vyangu, wodi nyingine ikipungukiwa wa kwanza kusukumwa huko ni mimi. Mchango wa chai nilitaka kutoa nikaambiwa aah wewe si ni wa kupita. Ramadhani nilikuwa nawashikia wodi wakienda kufuturu manake mimi sifungi, hakuna aliyeniomba nilijitolea mwenyewe, na wakirudi hata kaimati moja sijawahi kuwekewa. Najua ni kitu kidogo lakini hicho ndicho kiliniuma zaidi.

Anayesikizwa pale ni sista mmoja, nimwite Sista Mwana, si jina lake. Yuko hapo miaka na miaka. Siku moja nabadilisha dripu nikamsikia pale dawatini anasema sisi tunakatwa mpaka hujui mshahara ni upi, mtu anatoka huko na begi analipwa kwa shifti. Nafasi niliyoingia ni ya mwenzao ambaye kontrakti yake haikuongezwa, lakini hilo si kosa langu.

Sasa kilichotokea. Sista Mwana alikuwa mchana, mimi usiku. Ripoti akanipa amesimama na mkoba tayari begani, kitanda cha nane akasema "huyo yuko sawa" akapita. Kitanda cha nane ni mama mzee wa sukari, anadungwa insulini. Saa ya insulini ikafika, nikasema wacha nipime kwanza. Stripu za kupimia sukari zimefungiwa kwa droo, ufunguo haupo, nikakimbia wodi ya wanaume kuazima. Kupima hivi, 3.1, iko chini mno. Nikamshika mkono umelowa jasho la baridi, namuuliza mama umekula, ananiambia ametapika tangu mchana, tumboni hamna kitu. Insulini nikaiacha, nikaita daktari, tukamwekea dextrose, ile dripu ya sukari, nilipopima tena imepanda na akaanza kuniulizia mwanawe amekuja ama hajaja. Shangazi, ningemdunga bila kupima sijui leo ningekuwa naandika barua gani.

Nikaandika yote kwa kadeksi, kitabu cha ripoti za wagonjwa, vile yalivyokuwa, kama nilivyofunzwa. Asubuhi inchaji, msimamizi wa wodi, akasoma, akamwita Sista Mwana ofisini. Tangu siku hiyo mimi ni mchomaji wa wenzake. Nikiingia chumba cha chai mazungumzo yanakatika, nimetolewa kwa grupu la WhatsApp la wodi mpaka watu wakibadilishana shifti mimi nasikia nikishafika. Kwa kujikinga nilipiga picha ile shiti ya dawa na ukurasa wa kadeksi, nimeziweka kwa simu.

Sasa inchaji ameniita na mambo mawili. Anataka niandike taarifa kuhusu ripoti ninazopewa, si ya siku ile tu, zote. Halafu anataka niongeze miezi mitatu na ametaja taja kazi ya kudumu. Pesa nazihitaji, siwezi kudanganya. Lakini ajenti naye anasema Malindi wananitaka tena, kule shifti ni chache na malipo ni madogo, ila nikifika wananiita kwa jina langu. Inchaji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Nesi wa Likoni

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama watu wengi watakavyosoma, nikasema hawa wamemwonea mtoto wa watu. Mara ya pili nikaona kuna mambo kama matatu yamefungwa kitita kimoja na ndiyo maana yanakulemea: kuna wenzako kukutenga, kuna ripoti zinazotolewa kwa namna inayoweza kumuua mgonjwa, na kuna uamuzi wa pesa na mahali pa kuishi. Hata ukiamua moja leo, mengine mawili yatabaki palepale, kwa hivyo nitayagusa kila moja kivyake.

Kwanza niseme jambo ambalo huenda hujaambiwa na mtu yeyote pale wodini. Ulipima kabla ya kudunga. Sukari chini ya 4 kwa mgonjwa wa insulini ni ya kushughulikiwa hapo hapo, sembuse mtu ambaye hajala na anatapika, na wewe ulimkuta na 3.1 ukiwa peke yako, stripu zimefungiwa, bado ukakimbia kuazima. Kuna mwana wa mtu huko alikuja kesho yake akamkuta mamake anaongea. Hilo limefanyika hata kama hakuna aliyekushukuru.

Haya, hawa stafu. Umeandika kama wodi nzima ni kitu kimoja, lakini barua yako yenyewe inasema vingine. Mama wa usafi alikuonyesha choo. Mtu wa wodi ya wanaume alikupa stripu usiku, na hujasema alikuuliza maswali. Inchaji anataka ubaki. Sisemi hawa wanatosha, ukiwa umechoka na kila chumba kinanyamaza ukiingia hawatoshi hata kidogo, ila nataka uangalie vizuri wanaokutenga hasa ni wangapi, na ni nani anayefuata tu upepo wa Sista Mwana kwa sababu yeye atakuwepo mwaka ujao na wewe hawajui kama utakuwepo.

Halafu kuna sentensi moja umeiandika mbio mbio ukaendelea, kwamba uliingia nafasi ya mwenzao ambaye kontrakti haikuongezwa. Ni kweli si kosa lako, hukumfukuza wewe. Lakini hebu jiweke kwao kidogo. Mtu mliyekula naye mahamri miaka anaambiwa kazi imeisha, wiki hiyo hiyo analetwa mgeni na ajenti kwa kazi ileile. Wenye uamuzi wako ofisini na hawafikiki, anayefikika ni wewe, tena uko hapo mbele yao kila shifti. Hasira yao huenda ina haki yake, ila imemwendea mtu asiyehusika. Na ukiielewa hivyo, ile "wa kupita" ya kwenye chai unaweza kuisikia kama watu wanaoogopa kuzoea mtu mwingine atakayeondoka, ingawa siwezi kukuapia kwamba ndivyo, wewe ndiye uliyesikia sauti.

Na pesa je. Stafu wa kudumu payslipu yake inaonyesha makato yote, kuna PAYE ya kodi, kuna NSSF ya uzeeni, kuna SHIF ya matibabu asilimia 2.75, kuna ya nyumba asilimia 1.5, na bado sako na mkopo wa benki. Akikusikia wewe unalipwa kwa shifti anapiga hesabu shifti mara siku thelathini anapata mshahara wa ajabu. Haoni ajenti anavyokata chake, haoni kwamba ukishikwa na malaria hizo siku hulipwi, liviu huna, na kati ya kontrakti moja na nyingine kodi ya Likoni inaendelea kudaiwa. Nao pia kuna yao wewe huyaoni. Jambo hili si la kwetu tu, Marekani manesi wa kusafiri wanapewa kontrakti ambazo kwa kawaida ni wiki 13, na wakati wa korona, 2020 na 2021, malipo yao yalipanda sana hata manesi waliokaa miaka kwenye hospitali hizo hizo wakawa wanauliza na sisi je. Huko pia wanalalamika kwamba mgeni ndiye wa kwanza kuhamishwa wodi na ndiye anayepewa wagonjwa wazito. Nakuambia hivi usije ukadhani ni sura yako ama kabila lako ama dini yako, kazi yenyewe ya lokamu imekaa vibaya hivyo popote ilipo.

Lakini ripoti ni jambo lingine kabisa, na hapo sitaki uchanganye na kaimati. Kutopendwa unaweza kuvumilia mpaka kontrakti iishe. "Huyo yuko sawa" haivumiliki, manake anayelipa si wewe, ni kitanda cha nane. Na nina swali: una hakika Sista Mwana alijua yule mama ametapika? Inawezekana alijua akanyamaza, na hilo lingekuwa jambo zito sana. Inawezekana pia mwanafunzi ndiye aliyemwona akitapika akasahau kusema, na sista mwenyewe ameshinda miguuni tangu asubuhi akaamini shiti. Wewe ulichokiona ni mkoba begani na maneno matatu. Mengine ni dhana, na ikifika wakati wa kuandika taarifa tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kuna kitu unaweza kuanza shifti yako ijayo bila kumwomba mtu ruhusa. Ripoti usipokee dawatini, sema twende vitandani. Kila kitanda uliza: hali yake sahii ikoje, amefikaje hapa, wewe umeona nini leo, na mimi nifanye nini usiku. Manesi wengi wamefunzwa mpangilio huo kwa jina la SBAR na najua unaujua, tatizo ni saa moja jioni kila mtu anawaza matatu ya Mtwapa. Kwa mgonjwa wa sukari ongeza amekula saa ngapi na kipimo cha mwisho ni ngapi, kisha umrudishie kwa mdomo yale aliyokuambia ndio mwandike. Hatari yake naiona, atasema mgeni anajifanya kutufunza kazi. Ukiliuliza kwa kila mtu, si kwake peke yake, na wewe ukitoa ripoti yako asubuhi hivyo hivyo kitanda kwa kitanda hata kama umechoka, neno hilo litakosa pa kushika. Ama lisikose, watu wengine hawatoshelezeki.

Na ile droo! Mimi ile droo imenikera kuliko mkoba. Stripu za sukari kufungiwa usiku kwenye wodi yenye wagonjwa wa insulini si ugomvi wa mtu na mtu, ni jambo la wodi, na unaweza kulipeleka kwa inchaji bila kumtaja mtu hata mmoja: ufunguo ukae wapi, nani anaupokea kila shifti, uandikwe kwenye ripoti pamoja na funguo za DDA, zile dawa kali za kufungiwa. Ningefurahi kama la kwanza litakalosikika umelisema lingekuwa hilo, kwa sababu linamsaidia kila nesi wa usiku, wakiwemo wasiokusalimia.

Taarifa sasa. Inchaji ana haki kuuliza, na ya usiku ule tayari umeiandika kwa kadeksi, huwezi na hupaswi kuirudisha nyuma. Lakini amekuomba ya ripoti zote, na hapo mwanangu tembea polepole. Muulize ni ya nini. Kama anataka kurekebisha ripoti za wodi, mbona asiulize manesi wote waandike? Kama kuna kesi ya nidhamu inayopikwa juu ya Sista Mwana, wewe unafanywa shahidi, na shahidi ana haki kujua yuko kwenye kesi gani. Sikutishi, huenda nia yake ni safi na hajafikiria kwamba wewe ndiye utakayebaki wodini naye akienda ofisini. Ukiamua kuandika, andika ulichoona na ulichopima na saa yake, yale ya "alifanya makusudi" ama "ananichukia" yaache nje, na ubaki na nakala. Ukiamua kuandika ya usiku ule tu, hilo nalo ni jibu la heshima. Ukikataa kabisa kuna hatari yake pia, mgonjwa mwingine akiumia kesho utajiuliza. Jua tu kwamba leseni yako imetoka Nursing Council, haikutoka kwa ajenti wala kwa inchaji, na sahihi yako ni yako popote utakapohamia.

Zile picha kwenye simu zinanitia wasiwasi. Naelewa kabisa kwa nini ulizipiga, mtu akiwa peke yake anatafuta ushahidi. Lakini ni habari za ugonjwa wa mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Siku mambo yakichacha, anayetaka kukuumiza ataacha habari ya insulini aanze na simu yako. Kabla hujafanya lolote nazo, wala kumtumia ajenti, wala kunitumia mimi, ongea na mtu wa chama chenu ama wakili akuelekeze. Kwa baadaye weka daftari lako dogo: tarehe, saa, kilichotokea, bila jina la mgonjwa. Faili lenyewe liko hospitali na haliendi popote.

Kuhusu Sista Mwana mwenyewe, hujasema kama mshawahi kuongea nyinyi wawili tu. Nadhani bado. Unaweza kumtafuta, si mbele ya dawati na si kwenye chai, pengine mkitoka shifti mnaelekea stejini, ukamwambia: sista, yule mama wa kitanda cha nane alinitisha usiku ule, nililazimika kuandika, sikuandika ili kukuumiza, nataka tujue tutapeana ripoti vipi. Uanze na mama, usianze na WhatsApp. Huenda akalainika. Huenda akakuambia wewe ni mtoto mdogo kwangu usinifunze, akaenda kuyasimulia yote na chumvi juu. Wewe unamjua sura mimi simjui, na kama moyo unakuambia atakulipukia mbele za watu usijilazimishe, pitia kwa yule wa wodi ya wanaume aliyekupa stripu, huenda wanaheshimiana. Ila usiombe msamaha kwa kuandika ukweli, hata kwa kutafuta amani. Amani ya hivyo itakugharimu siku nyingine ukitakiwa kuandika tena.

Tuje kwenye kubaki na kuondoka. Ukibaki unapata pesa na pengine hiyo kazi ya kudumu, lakini "kutaja taja" si barua. Muulize inchaji ni nafasi ipi, inatangazwa lini, nani anaamua, na kama ni ile ya mwenzao aliyeachwa basi jua unaingia na deni usilokopa. Muulize pia kama ripoti za vitandani zitakuwa za lazima kwa wote, manake miezi mitatu mingine ya "yuko sawa" ni mirefu. Na kontrakti yako isomwe na mtu anayejua. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 37 inamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo, lakini wewe aliyekuajiri kwenye karatasi ni ajenti ama ni hospitali? Na likitokea la kutokea, bima ya makosa ya kazini ni ya nani? Hayo mawili ningeyauliza leo, bila kujali unaenda wapi.

Ukienda Malindi utaitwa jina lako, na usimruhusu mtu akuambie hilo si sababu ya maana. Ni sababu. Lakini shifti chache ni shifti chache, ada ya Voi haijui kama umefurahi kazini, na kule pia iko siku atahama yule anayekuchekea akaja mwingine. Vilevile sijasikia kwako kama kuna njia ya katikati, kwa mfano kuongeza mwezi mmoja badala ya mitatu, ama kubaki hospitali hiyo hiyo uombe wodi nyingine, hata ya wanaume. Huenda jibu ni hapana, ila hujauliza, na inchaji anayekuhitaji kiasi hiki ana nafasi ya kusikiza kuliko anavyokuonyesha.

Mwisho wa mwezi bado kuna siku kadhaa. Taarifa na kontrakti amekuletea kwa mkono mmoja, wewe mrudishie kwa mikono miwili: mwambie la taarifa utalijibu kivyake na la kontrakti kivyake, lisije likaonekana moja ndilo bei ya lingine. Kisha niandikie nijue amesemaje.

Shangazi yako